Keateka na Kivuli cha Karani

Keateka wetu, yaani mtunza jengo, hakupenda mbwa. Alilisema jambo hilo karibu kila asubuhi, kwa sauti ya kusikika hadi orofa ya tatu, huku ameinama chini ya matangi ya maji akimlowanishia mbwa gunia.

"Mimi mbwa siwapendi," angesema. "Huyu namwangalia tu."

Nimeanza kuandika habari zake mara nyingi, na kila mara nimefuta kwa sababu sentensi ya kwanza haikuniridhisha. Safari hii nimejikataza kufuta, na sababu yake itaonekana mbele. Sijui Keateka alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Hata jina lake sikulijua. Nilikaa miaka minne katika ploti aliyoitunza, ghorofa sita pale mtaa wa Fedha unapoanza kugeuka kuwa mtaa wa Kware bila kumwambia mtu, na katika simu yangu alikuwa "Keateka Maji", kwa kuwa maji ndiyo tuliyompigia simu kuyalilia.

Mbwa aliitwa Karani. Alikuwa wa kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala, na jioni aliketi langoni akiwatazama wapangaji kana kwamba kila mmoja amesahau kuleta fomu. Usiku alilinda. Mchana alipelekwa juu, kwenye paa, kwa amri ya mwenye ploti, ambaye hakutaka watu wanaokuja kuulizia nyumba wapokewe na meno.

Paa lilikuwa la saruji tupu. Upande mmoja yalikaa matangi meusi juu ya jukwaa la zege, na upande wa pili kulikuwa na vizimba vya wavu vya kuanikia nguo, kila orofa na kizimba chake, kila kizimba na kufuli. Mgeni wetu mmoja aliwahi kuuliza kwa nini nguo zimefungiwa na mbwa yuko huru. Mama Shiro wa orofa ya pili alimjibu, "Kwani huku nani ashawahi kuibiwa mbwa?"

Mwezi wa kwanza na wa pili, kabla ya mvua ndefu, paa hilo lilikuwa kikaango. Hapo ndipo Keateka alipokuwa mtu wa ajabu. Alikuwa na ratiba ya kivuli. Asubuhi Karani alilala upande wa magharibi wa matangi. Ikifika saa sita alihamishiwa chini ya jukwaa lenyewe, ambako bomba moja lilidondosha maji, bomba ambalo Keateka alikataa katakata kulitengeneza. Ikifika saa nane, saruji ikiwa imeshiba joto na kivuli chenyewe kimekuwa cha moto, alimshusha hadi kwenye ngazi za orofa ya sita, mbele ya dirisha lisilo na kioo, mahali ambapo upepo ulipita. Karani akitaka kutembea, alitembezwa kabla jua halijatoka au baada ya kuzama. Kati ya hapo, hata mwenye ploti angekuja na mnyororo wa dhahabu, Keateka hangefungua lango.

Joto la saruji alilipima kwa sala. Aliweka nyuma ya kiganja chini na kuanza Baba Yetu. Ukilazimika kutoa mkono kabla ya kufika kwenye "mkate wetu", mbwa hapiti hapo. Mimi, ambaye siwezi kuachia jambo likiwa halina kipimo, nilichukua simu nikahesabu sekunde. Jumatatu zilikuwa tisa, Jumanne sita.

"Keateka, leo umeomba haraka," nikamwambia.

"Leo nina shida nyingi," akanijibu. "Mungu anajua, hakuna haja ya kuvuta maneno."

Maji ya Karani yalikaa kwenye karai la plastiki, kamwe si sufuria. "Sufuria juani ni jiko," alisema. Gunia lililolowa lilikuwa la kulaliwa. Ole wako ukimfunika nalo. Nilimfunika siku moja kwa nia njema na Keateka akaja mbio kutoka chini, orofa sita, akalivuta kama anayeokoa nyumba. "Unamfungia mvuke ndani! Wewe ukisikia joto huwa unajifunika blanketi la maji?" Nilikosa usingizi kwa sababu ya swali hilo.

Niseme kidogo kuhusu mimi, kwa kuwa nina sehemu katika kisa hiki, sehemu mbaya. Mimi ni fundi wa nguo. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu nikizirudisha nyuma hadi kidole kikafa ganzi. Mtu aliyejifunza hivyo haamini kwamba anajua, kwa hiyo hukagua. Ninapima kitambaa mara tatu. Nikifunga kufuli naitikisa mara tatu, kwa, kwa, kwa, nashuka ngazi, napanda tena kuhakikisha kwamba niliitikisa. Keateka alizoea kusimama pale chini na kuniambia, "Fundi, siku moja hiyo kufuli itakushtaki."

Yeye alikuwa na tabia yake wakati wa kufunga, tofauti na yangu. Kabla ya kufunga chochote, alichungulia. Mfuniko wa tangi, mlango wa stoo, hata boneti ya gari la mpangaji aliyeomba kusaidiwa: alichungulia ndani kwanza. "Angalia ndani kwanza," alituambia sote, na alituchosha nayo. Alidai kwamba zamani alimfungia msomaji wa mita kwenye stoo mchana kutwa, na yule bwana alipotoka alikuwa amesoma mita zote na kupanga rangi kwa ukubwa wa mikebe.

Kwa upande wa maji, wapangaji walimwogopa. Maji ya mfereji yalikuja Jumanne na Jumamosi tu. Siku hizo alisimama chini ya ngazi akapiga kelele moja, "Maji!", na ploti nzima ikageuka mbio za ndoo. Siku nyingine hakukuwa na maji hata ungelia. Kulikuwa na tangi la akiba, na ufunguo wa koki yake aliuning'iniza shingoni pamoja na rozari. Mama mmoja alimletea mtoto aliyejipaka uji mwili mzima kama ushahidi, Keateka alimtazama mtoto, akasema, "Atakauka."

Lakini Karani alikuwa na mtungi wake wa lita ishirini, ulioandikwa MBWA kwa rangi nyekundu pande zote nne ili mtu asiuguse. Maji yake yaliibwa hivyohivyo. Siku moja alipanda ngazi orofa kwa orofa akitangaza, "Aliyepika na maji ya mbwa asiwe na wasiwasi! Ni safi kuliko yenu! Mimi huyachemsha!" Milango miwili ilifunguliwa kidogo, ikafungwa polepole.

Huyo ndiye mtu aliyekuwa akivaa sweta la sufu na koti juu yake mwezi wa pili. Alimsimamishia mbwa mwavuli mkubwa uliofifia rangi, kisha yeye mwenyewe akaketi nje ya mwavuli, juani, jasho likimtiririka hadi kwenye soksi. Ukimwambia asogee alikasirika. "Hicho ni kivuli cha kazi," alisema. Na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akimpapasa Karani kichwani. Alimwamkia kwa mbali, kama wafanyakazi wawili wa idara tofauti.

Kisha kulikuwa na habari ya barafu. Mama Shiro alikuwa na friji na aliuza barafu za juisi kwa watoto, kwenye vikombe vidogo vyenye kijiti. Keateka alimwomba amgandishie supu ya mifupa, isiyo na chumvi wala kitunguu, ili Karani alambe mchana. Walikubaliana rafu ya juu iwe ya mbwa na ya chini iwe ya watu. Siku moja umeme ulipotea, vikombe vikapangwa upya gizani, na msichana mdogo akauziwa barafu ya mfupa. Mama Shiro alipogundua alianza kumwita ngazini. Yule msichana alirudi baada ya robo saa.

"Ile ya nyama imebaki?"

"Ile si ya watu, mamii."

"Basi nipe ya Karani, nitampelekea," akasema, na Keateka, aliyekuwa pale mlangoni, akamwambia Mama Shiro amnyime, kwa kuwa alikuwa ameona uso wa mtu asiyefikisha.

Sasa nifike kwenye Alhamisi.

Nilikuwa nashona gauni la harusi ya Jumamosi, kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Tone moja la mafuta ya cherehani lilidondokea kitambaa cheupe cha ndani, mita sita. Nililifua doa hadi likatoka, nikakifua kitambaa chote ili weupe ulingane, na saa nne hivi nikakipandisha juu kukianika kwenye kizimba cha orofa yetu, ya nne. Kizimba hicho tulikitumia nyumba nne, kila nyumba na ufunguo wake.

Nilianika kwa uangalifu ambao leo unanitia aibu. Nilisawazisha nafasi kati ya vibanio. Karani alinifuata ndani, nadhani kwa sababu kitambaa kilikuwa kinadondosha maji na nyuma yake kulikuwa na ubaridi. Alijilaza kwenye kona, nyuma ya lile pazia jeupe. Sikumwona. Nilikuwa nakimbilia Industrial Area, eneo la viwanda, kununua zipu kwenye ghala moja la jumla. Nikatoka, nikafunga, nikatikisa kufuli mara tatu. Nikashuka, nikapanda, nikaitikisa tena. Niliiangalia ile kufuli kwa macho mawili, na sikuangalia ndani.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Mama Shiro. Saa sita Keateka alipanda kumhamishia Karani chini ya jukwaa, hakumkuta. Akadhani yuko kwenye ngazi. Akashuka akitafuta orofa moja baada ya nyingine, akaenda hadi langoni, akauliza hadi kwa muuza viazi. Mbwa aliyezidiwa na joto habweki; anahema tu. Kitambaa changu kilikuwa kimekauka zamani, maji hayakudondoka tena, na jua lilikuwa limefika kila kona ya kizimba. Ilikuwa karibu saa saba upepo ulipokiinua kitambaa kidogo na Keateka akaona mkia.

Wenye funguo wote wanne tulikuwa hatupo. Alivunja kufuli kwa nyundo. Akambeba Karani mikononi, yeye ambaye hakuwahi hata kumpapasa, akampeleka chini ya jukwaa, akauvua ufunguo wa shingoni na kuifungua koki ya akiba. Siku ya Alhamisi! Ploti nzima ilikuwa imekauka tangu jana yake, na watu walisikia maji yakimwagika juu ya vichwa vyao.

Mama Shiro alipanda na vikombe vyake vyote vya barafu.

"Rudisha!" Keateka akapiga kelele. "Sitaki barafu!"

"Lakini anaungua, Keateka!"

"Maji ya kawaida! Ukimshtua na baridi unammaliza. Chukua hiyo katoni, umpepee."

Alimlowanisha tumbo, kwapani, kwenye nyayo. Alimwekea maji mdomoni kidogo kidogo, akimzuia asigugumie. Alilivua sweta, likatumika kama mto. Nilipofika saa tisa, na zipu zangu mkononi, nilikuta ngazi zimejaa watu wenye ndoo tupu na hasira kamili, na daktari wa mifugo aliyeletwa na bodaboda akisema mbwa atapona, lakini kwamba wangechelewa kidogo tu angekuwa anasema maneno mengine. Keateka alikuwa ameketi kwenye dimbwi. Alitutazama mmoja mmoja.

"Nani alimfungia Karani?"

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa na sentensi nzima kichwani, nikawa naipanga. Nilichotoa mdomoni ni neno moja.

"Maskini," nikasema.

Jumapili mwenye ploti aliitisha mkutano pale tunapoegesha magari. Wapangaji walilalamika kuhusu maji ya akiba. Orofa yetu ya nne iliulizwa kuhusu kufuli, na kila mtu akamtazama mwenzake. Mimi pia niliwatazama wenzangu, na nikawatazama vizuri. Mwenye ploti akaamua kwamba mbwa huyo ni gharama na aondoke mwisho wa mwezi.

"Akienda, naenda," Keateka akasema.

"Unaacha kazi kwa ajili ya mbwa?"

"Mimi mbwa siwapendi."

"Sasa?"

"Lakini ratiba yake naijua mimi."

Watu walicheka. Mwenye ploti hakucheka. Alisema basi, mwisho wa mwezi, wote wawili. Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Nilijua kabisa kwamba kama ningesimama na kusema ni mimi, hasira ingehama kutoka kwa mbwa kuja kwangu, na huenda wangebaki. Ndiyo sababu nikaamua kuandika barua. Nilitaka iwe nzuri. Ya kwanza ilijitetea mno. Ya nne ilikuwa ndefu. Ya saba ilimtaja Mungu kwa namna ya kumharakisha. Siku hizo zote nilipita langoni nikisema, "Keateka niaje, maji yako?" naye akijibu, "Yapo."

Ya kumi na moja ilikuwa tayari siku ya mwisho yenyewe. Nilishuka nayo asubuhi. Kwenye ngazi za orofa ya pili nikaisoma mara ya mwisho, nikaona nimeomba msamaha mara tatu katika aya moja, nikaona hilo si uandishi. Nikarudi kuinakili upya. Niliposhuka tena, chumba cha langoni kilikuwa wazi na kitupu. Ukutani ulibaki msumari aliotundikia gunia. Niliichana barua na nikafuta nakala zake zote.

Miaka miwili imepita. Januari hii nilikwenda Industrial Area kununua zipu, saa saba kasoro, jua la kutoboa kofia. Kwenye uwanja mmoja wa malori, kupitia lango lililo wazi, niliona mtungi ulioandikwa MBWA pande zote nne.

Alikuwa ameketi juani na sweta lake. Kando yake kulikuwa na banda la wavu lenye mabati na majani makavu juu yake.

"Fundi," akasema, kana kwamba tuliachana jana. "Umekonda."

Nilianza kusema. Sikuwa na nakala yoyote, na nilisema vibaya, nikianzia kati, nikirudi kwenye tone la mafuta, nikieleza mambo ya vibanio ambayo hayakuhitajika. Nilisema, "Ni mimi nilimfungia." Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nilijua siku ile ile."

"Ulijuaje?"

"Nilikuwa ngazini. Nikasikia kwa, kwa, kwa. Ukaenda, ukarudi, kwa, kwa, kwa. Ploti nzima nani mwingine hufunga hivyo?"

"Na mbona hukusema kwenye mkutano?"

Alifuta jasho kwa mkono wa sweta. "Nilikuwa na hasira. Ningefungua mdomo ningekutusi mbele ya watu. Nikasema, wacha aje mwenyewe. Nikangoja wiki mbili. Wewe unapita, 'niaje, maji yako'. Hiyo iliniuma, fundi. Kuliko hata kufuli."

Nikamwambia kuhusu barua, zote kumi na moja.

"Iko wapi?"

"Nilifuta."

"Andika tena. Na usifute." Kisha akatazama saa, akanyoosha kidole chini. "Weka mkono."

Niliweka nyuma ya kiganja kwenye lami ya uwanja na kuanza kuomba. Sikufika hata karibu na mkate.

"Basi hapo hapiti. Shika karai, tumpitishe kando ya ukuta, penye kivuli. Lori linaingia saa nane, lazima awe bandani."

Karani alitoka nyuma ya tairi kubwa lililosimamishwa ukutani, mzee sasa, mvi puani. Alininusa viatu kwa muda mrefu, kama anayesoma faili la zamani, kisha akanipita akaingia bandani mwake na kulala juu ya gunia lililolowa. Keateka akanipa kufuli. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuifunga.

"Fundi."

"Naam."

"Angalia ndani kwanza."

Nikaangalia. Karai lilikuwa kivulini, limejaa. Gunia lilikuwa chini ya mbwa, si juu yake. Upepo ulikuwa unapita. Karani alikuwa ndani kwa sababu alitakiwa kuwa ndani, sikio moja limesimama, akiningoja nimalize.

Nikafunga. Nikaitikisa kufuli mara moja, nikajilazimisha kuachia hapo, nikaaga na kuondoka kabla sijabadili nia. Nilikuwa nimefika langoni niliposikia sauti yake nyuma yangu, ile ile ya kusikika hadi orofa ya tatu.

"Wewe fundi! Rudi umalizie! Bado mbili!"